Maswali yenu: Pikapu ya mtumba na spana za nyumbani

Barua nyingi za safari hii zinauliza kuhusu Hilux za dizeli zilizokwisha kutumika, na si ajabu: kuanzia Kariakoo hadi Tunduma hiyo ndiyo pikapu ambayo spea zake hukosi. Tumechagua maswali ambayo mwenye gari anaweza kuyashughulikia mwenyewe uani kwake, akiwa na boksi la spana, jeki, stendi mbili imara na pampu ya grisi. Stendi tunazitaja makusudi. Jeki ni ya kunyanyulia tu; mtu haingii chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala lililowekwa juu ya matofali ya saruji, ambayo hupasuka ghafla bila kutoa dalili.

Ndugu mhariri, nimenunua Hilux ya kabini mbili ya mwaka 1999, injini 5L. Dashibodi inasoma kilomita 148,000. Aliyeniuzia anasema ni ya kuweka mafuta na kuondoka. Mimi nianze na nini?
*Msomaji, Morogoro*

Anza kwa kutoiamini hiyo 148,000. Kilomita hurudishwa nyuma kwa urahisi. Raba ya pedali ya klachi iliyolika hadi chuma husema ukweli zaidi kuliko dashibodi. Lichukulie gari kama halijawahi kuhudumiwa, kisha andika kwenye daftari kila utakachobadilisha na kilomita za siku hiyo. Kuanzia hapo hesabu ni yako.

La kwanza ni belti ya taimingi, inayofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio mmoja. Injini za familia ya L (2L, 3L, 5L: hayo ni majina, si lita) zinatumia belti, si cheni, na ratiba yake ni kilomita 100,000. Ikikatika, pistoni zinagonga valvu, na gharama ya belti inageuka kuwa gharama ya silinda hedi. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi isikudanganye: inahesabu kilomita tu, haijui hali ya belti, na kilomita zikishachezewa haina maana tena. Kazi hii mpe fundi, lakini spea nunua mwenyewe: belti, beringi ya kukazia na springi yake, pamoja na oili sili za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemu (shafti inayofungua valvu). Sili zisiachwe, kwani ikivuja mojawapo, oili hulowesha belti mpya na mpira wake hulainika. Alama lazima zilingane kwenye pulei tatu: ya kemu, ya pampu ya dizeli na ya krenki. Kabla hajapiga stata, mwombe azungushe krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, aangalie alama upya. Ni dakika chache. Anayekataa hatua hiyo, tafuta mwingine.

Oili ya injini unaiweza mwenyewe. Nunua 15W-40 ya dizeli yenye daraja la API CF-4 au la juu yake kama CI-4, filta mpya, na washa mpya ya bolti ya kumwagia. Washa injini ipate moto wa kiasi, izime, subiri dakika kumi, kisha fungua bolti chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili kuwa nyeusi si ugonjwa kwenye dizeli. Masizi huichafua ndani ya siku chache tangu uibadilishe. Unachotafuta ni rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia, au vipande vya chuma ving'aavyo kwenye beseni.

Ukitoa filta ya zamani, hakikisha raba yake imetoka nayo. Mara nyingi hubaki imeng'ang'ania kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake zinakuwa raba mbili, na injini ikishika presha oili yote inarushwa nje ndani ya dakika chache. Paka raba mpya oili safi, kaza kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usitumie spana kukazia filta. Bolti ya sampu nayo kaza kwa mkono wa kawaida, bila kuongezea bomba kwenye spana, kwani uzi wake ukishakufa utavuja daima. Mimina lita 5 kwanza, washa, subiri taa ya oili izime, zima, ngoja dakika tano, kisha ongeza kidogo kidogo kwa kufuata kijiti cha kupimia. Injini hizi huchukua kati ya lita 5 na 6. Kupitisha alama ya juu si ukarimu: krenki inaipiga oili mpaka inatoa povu, na oili yenye povu hailainishi beringi. Rudia kila kilomita 5,000.

Kwenye gia boksi na difu kuna kanuni moja ambayo wengi huikumbuka wakiwa wamechelewa: fungua bolti ya kujazia, iliyo ubavuni, kabla ya kugusa ile ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma kufunguka, gari lako limelala hapo. Difu inataka oili ya gia ya daraja la GL-5, 80W-90 au SAE 90, na gia boksi ya kawaida tunashauri GL-4 ya 75W-90, maana dawa zilizo kwenye baadhi ya GL-5 hula shaba ya singo, zile pete zinazofanya gia ziingie bila kukwaruza. Jaza hadi oili ianze kutiririka kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limesimama sawa.

Oili chafu usiimwage mtaroni. Iweke kwenye dumu, wapo wanaoinunua.

Shikamoo mhariri. Nabeba viazi kwa Hilux 3L hapa Njombe. Asubuhi za Juni na Julai inapiga stata muda mrefu mpaka betri inachoka, halafu inatoa moshi mweupe. Fundi mmoja anasema pampu, mwingine anasema nozeli. Zote mbili ni ghali.
*Mama mkulima, Njombe*

Marahaba mama. Usinunue chochote bado. Kesho alfajiri, kabla ya kugusa ufunguo, fungua boneti ubonyeze pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli mpaka iwe ngumu. Kisha washa kama kawaida. Ikishika mara moja, ugonjwa ni hewa: usiku dizeli inarudi kwenye tenki kwa sababu kuna mahali panapovuta upepo. Kama haikubadilika kitu, wa kushukiwa kwanza ni hita plagi, vijiti vinavyopasha silinda moto kabla injini haijawaka.

Hewa ina njia zake zinazojulikana. Ni oringi ya filta, raba ya ndani ya hiyo pampu ya mkono, vipira vidogo vya kurudishia dizeli juu ya nozeli (zinazopulizia dizeli ndani ya injini), na vibano vya mipira inayotoka kwenye tenki. Tatizo ni kwamba sehemu inayovuta hewa si lazima idondoshe dizeli, kwa hiyo kutazama tu hakutoshi. Nunua nusu mita ya mpira unaoonyesha ndani, ufunge kati ya filta na pampu ya dizeli. Mapovu yakipita, hamishia mpira huo nyuma ya filta, upande wa tenki. Yakitoweka, filta na pampu yake ya mkono ndivyo vyenye kosa. Yakiendelea, fuata bomba kuelekea tenki.

Hita plagi ziko nne. Toa upapi wa chuma unaoziunganisha. Chukua balbu ya volti 12 yenye waya mbili: moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye kichwa cha kila plagi. Inayowasha balbu bado ina mawasiliano, isiyowasha imekufa. Kwa mita ya umeme, plagi nzima husoma takriban omu moja au pungufu. Mbili zikifa kati ya nne, baridi ya Njombe ya Julai haitakuachia. Zifungue injini ikiwa na joto, taratibu, kwa sababu plagi iliyoshikwa na masizi hukatikia ndani na hapo silinda hedi italazimika kushuka. Unaponunua, soma volti iliyochapwa kwenye plagi na ulinganishe na ya zamani. Ya volti ndogo ikiwekwa kwenye mfumo wa volti kubwa inaungua siku hiyo hiyo.

Ukiwa hapo hapo kwenye filta, mwaga maji. Chini yake kuna kifunguo cha plastiki: kilegeze mizunguko miwili, bonyeza pampu ya mkono, kinga kwa chupa nyeupe. Maji hutangulia chini, dizeli hufuata. Endelea hadi itoke dizeli tupu, kisha funga kwa vidole, si kwa koleo. Fanya hivyo kila mwezi, na mara moja taa ya filta ikiwaka. Pampu ya injini hii inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine, kwa hiyo maji yanaila kwa ndani. Mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye dizeli nayo huiua, kwa kuwa hayana utelezi wa kutosha. Mpango wa kuweka vinasaba (kemikali ya utambulisho) kwenye mafuta ulioanzishwa mwaka 2010 na EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, ulilenga mchezo huo, lakini dizeli ya kwenye madumu barabarani haina wa kuipima isipokuwa wewe. Ukilazimika kuinunua, iache itulie na usimimine robo ya chini ya dumu.

Filta yenyewe badilisha kila kilomita 10,000. Ijaze dizeli safi kabla ya kuifunga, hamisha kihisio cha maji kwa oringi mpya, bonyeza pampu hadi iwe ngumu. Ikigoma kuwaka, legeza nati za mabomba mawili kwenye nozeli, piga stata hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza.

Hapa Kitale mekanika alitoa hewa kwa kulegeza mabomba ya nozeli kwenye Hilux Vigo D-4D ya 2008. Ni sawa?
*Msomaji, Kitale*

Hapana. Injini za KD, ndizo hizo D-4D, zina reli moja, yaani bomba la pamoja linalogawa dizeli kwa nozeli zote, na presha yake inaweza kuzidi bar 1,000 injini ikifanya kazi. Mchirizi mwembamba wa dizeli kwa presha hiyo unapenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali hata kama linaonekana kama tundu la sindano. Kwenye D-4D toa hewa kwa pampu ya mkono peke yake.

Ukiwa na injini hiyo, jambo la kuliangalia ni washa za shaba zilizo chini ya nozeli. Zikichoka, gesi ya mwako hupenya na kuingia kwenye oili, masizi yanagandamana kama lami na kuziba wavu wa kunyonyea oili ndani ya sampu. Dalili ni taa ya oili inayochelewa kuzima asubuhi, na mlio wa “chaf-chaf” wa gesi inayopenya kwenye nozeli. Taa ikichelewa, usiendeshe ukingoja wikendi. Sampu ishushwe wavu uangaliwe. Belti yake ya taimingi ni ya kilomita 150,000.

Fundi alitoa themostati akasema kwa joto la Dar haina kazi. Gari halichemshi. Niirudishe?
*Msomaji, Temeke*

Irudishe. Themostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, haiko pale kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto la karibu nyuzi 80 haraka na kuishikilia hapo. Bila hiyo, dizeli haiungui vizuri, masizi yanaongezeka kwenye oili, silinda zinalika na gari linakunywa mafuta zaidi bila wewe kujua. Halafu, kwenye injini ambayo themostati hufunga pia njia ya pembeni, ukiitoa sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, jambo baya ukipanda mlima na mzigo.

Mara nyingi fundi huitoa ili kuficha tatizo lingine. Kwa hiyo kabla ya kuirudisha, angalia manne. Rejeta kwa nje: ipulizie maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, tope na wadudu vitoke walikoingilia. Kifuniko cha rejeta: raba yake ikiwa imekakamaa, badilisha. Kifuniko kizima cha presha ya bar 0.9 hufanya maji yachemke kwenye nyuzi 118 hivi usawa wa bahari. Kibovu hufanya yachemke kwenye 100, na ukipanda hadi mita 2,000 yanachemka kwenye 93. Klachi ya feni: zima injini ikiwa ya moto, zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa ikaze kidogo. Ikizunguka ovyo, mafuta yake ya ndani yameisha. La nne, washa injini ikiwa baridi na kifuniko kikiwa wazi: mapovu yasiyokoma, au, ukishafunga kifuniko, mpira wa juu unaovimba kabla maji hayajapata moto, ni gasketi ya silinda hedi, na hapo themostati haitakusaidia.

Themostati mpya ijaribu kwenye sufuria ya maji kabla ya kuifunga. Lazima uione inafunguka kabla maji hayajachemka. Kile kitundu chake chenye kipini kinachocheza kiwe juu, hewa ipate pa kutokea. Jaza kulanti nusu na maji safi nusu, polepole, ukiminya mpira wa juu, hita ikiwa imefunguliwa upande wa moto. Maji ya kisima peke yake huacha chumvi na kutu, na aliyewahi kuifungua rejeta iliyonyweshwa maji ya kisima miaka mitano anajua rangi yake.

Pedi za mbele zinaisha kila baada ya miezi michache, za nyuma kama hazifanyi kazi kabisa. Nimeongeza springi mbili kila upande kwa ajili ya mzigo wa mkaa. Kuna uhusiano?
*Msomaji, Kilosa*

Upo, na hongera kwa kuutaja mwenyewe, maana wengi hawafikirii. Ingia nyuma, tazama juu ya difu. Utaona fimbo ya chuma inayotoka kwenye eksili kwenda kwenye valvu iliyofungwa kwenye chasisi. Hiyo ndiyo inayopima mzigo. Gari likilemewa, chasisi inashuka, fimbo inasukuma valvu, breki za nyuma zinapewa presha zaidi. Likiwa tupu, zinapewa kidogo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Wewe umeongeza springi, chasisi imepanda, na valvu inaamini siku zote kwamba gari ni tupu. Kazi yote imehamia mbele.

Dawa si kuifunga fimbo kwa waya ibaki juu, kama wanavyofanya baadhi ya watu. Hapo gari likiwa tupu kwenye lami yenye mvua, nyuma itajifunga na kugeuka mbele. Punguza springi zirudi idadi ya awali na upunguze mzigo. Au, kama springi ni lazima, fimbo irekebishwe urefu kwenye nati zake na fundi mwenye geji ya presha. Tunapendelea la kwanza.

Kisha fungua ngoma za nyuma. Pedi za mbele badilisha zikibaki milimita 3, shuu za nyuma usizingoje zifike milimita 1. Kirekebisho cha meno kati ya shuu mbili hugoma kwa kutu na vumbi: kitoe, kisafishe, kipake grisi kidogo ya joto kali, kizungushe hadi ngoma iburuzike kidogo, rudisha meno machache. Ukikuta unyevu wa oili ya difu kwenye shuu, sili ya eksili imekufa na hizo shuu hazioshwi, zinatupwa.

Mwisho toa hewa. Anza gurudumu la nyuma kushoto, ambalo kwa gari la usukani wa kulia ndilo la mbali zaidi na masta silinda, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, umalizie kwenye niple (kiskrubu cha kutolea hewa) ya ile valvu ya mzigo. Hiyo ya tano husahauliwa, na ndiyo sababu ya pedali kubaki laini baada ya kazi nzima. Tumia DOT 3 au DOT 4 kutoka kwenye kopo lisilofunguliwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani: DOT 3 mpya inachemka nyuzi 205 au zaidi, ikishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka hadi 140. Badilisha kila miaka miwili.

Kama pedali ni ngumu kama jiwe badala ya laini, huo ni ugonjwa mwingine. Kwenye injini za L, pampu ya kuvuta upepo wa breki imeunganishwa nyuma ya alteneta. Angalia mipira yake, na kama alteneta imelowa oili, sili ya pampu hiyo imeshapita.

Nikitoa klachi kuondoka, chini kunalia “ngo!” mara moja. Ni difu?
*Msomaji, Tabora*

Anza na bei rahisi. Shika propela shafti kwa mikono miwili, gari likiwa limezimwa na magurudumu yamezuiwa kwa vigingi, ujaribu kuizungusha na kuinyanyua. Ikicheza kwenye maungio, ni spaida, ule msalaba wa chuma ulio ndani ya ungio. Kama haichezi, ipake grisi: niple ya kusukumia grisi iko kwenye kila spaida na nyingine kwenye sehemu inayoteleza. Futa niple kwanza, la sivyo unasukuma mchanga ndani. Kwenye spaida pampu hadi grisi ya zamani itokeze pande zote nne; upande usiotoa umeziba na hapo ndipo itakapofia. Kwenye sehemu inayoteleza acha mapema, kwani ikijaa kupita kiasi shafti haina nafasi ya kufupika na inasukuma beringi za gia boksi. Grisi ya lithiamu namba 2 inatosha, kila kilomita 5,000 na kila baada ya kuvuka maji.

Ukishavuka maji, angalia pia kipumulio kidogo juu ya difu. Kikiziba kwa tope, difu ya moto ikiingia majini inapoa ghafla na kuvuta maji kupitia sili.

Tairi za mtumba nazo zinafaa?
*Msomaji, Singida*

Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Iliyozidi miaka sita usiiwekee mzigo, hata kama kashata zake bado ndefu, maana mpira hukauka hata ukiwa stoo. Chagua zenye herufi C baada ya saizi, za kubebea mzigo. Upepo upimwe tairi ikiwa baridi, kwa kufuata kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kinatofautisha tupu na iliyobeba.

Assalaam aleikum. Huku Pemba chumvi inatula chasisi. Watu hupaka oili chafu. Ni dawa?
*Msomaji, Wete*

Waaleikum salaam. Ni dawa ya wiki moja. Oili chafu husombwa na mvua ya kwanza, na kabla ya hapo inavimbisha bushi za springi na mipira ya breki. Lami nayo, ikipakwa juu ya kutu, hufungia unyevu ndani. Ndugu yetu, ukitoka ufukweni osha chini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, hasa ndani ya chasisi nyuma ya kabini na juu ya tenki, tope linapojikusanya; zibua kwa waya matundu ya kutolea maji. Mara moja kwa mwaka kwangua kutu kwa brashi ya chuma, paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu, ngoja ikauke, kisha nta ya chasisi. Gonga kwa nyundo ndogo kila sehemu: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Kilichooza karibu na mashikio ya springi kikatwe na kuchomelewa bamba jipya kabla gari halijabeba tena.